Taa moja na chokaa: namna ya kubuni gemu ya mafumbo inayochezwa kwa macho ya mhusika

Mtu ana chui, mbuzi na mzigo wa majani, na mtumbwi wake unabeba yeye na kimoja tu kwa safari. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, mbuzi kaliwa. Akiacha mbuzi na majani, majani yameliwa. Ukiorodhesha kila namna ambavyo hao wanne wanaweza kukaa ng'ambo hii au ile, unapata hali 16. Kati ya hizo 10 ni salama, na njia fupi kuliko zote ina safari 7. Wengi hukwama kwenye safari ya 4, pale mbuzi aliyekwisha kuvushwa anaporudishwa alikotoka. Hakuna kilichofichwa hapo. Mtumbwi, mbuzi na majani vyote vinaonekana tangu mwanzo, ila kichwa kinagoma kukubali kwamba kilichovuka kinaweza kurudi.

Fumbo la gemu hutegwa hivyohivyo. Mchezaji aone kila kitu, asiweze kulaumu macho wala vidole vyake, na bado akwame kwa sababu ya wazo moja ambalo hajalifikiria. Mwongozo huu unatengeneza gemu ndogo ya namna hiyo hatua kwa hatua: usiku wa giza kwenye mwalo (ufuko wa kuegesha mitumbwi) wa kubuni upande wa Mwanza, mawe makubwa yamebebana, na mhusika ana karabai moja mkononi.

Kanuni kwanza, hadithi baadaye

Wanaoanza huandika hadithi kurasa kumi, halafu wanatafuta mafumbo ya kuichomeka. Matokeo yake ni mlango wenye namba za siri, na karatasi yenye namba hizo imewekwa chumba cha pili. Hilo si fumbo, ni kutumwa dukani.

Anza na kanuni moja ya dunia yako, na uiandike kwa sentensi moja. Ya kwetu ni hii: kitu kilichopakwa chokaa kipo pale tu mwanga wa taa unapokigusa, na gizani hakipo. Basi. Mbao za gati zilizopakwa chokaa ni daraja zikimulikwa, na ni hewa zikiwa gizani. Ukuta uliopakwa chokaa unazuia ukimulikwa, na unapitika gizani. Ni kanuni ileile yenye sura mbili, moja inakusaidia na nyingine inakukwamisha, na mafumbo yote yatatoka kwenye ugomvi wa hizo mbili: unaihitaji taa ili uvuke, lakini taa hiyohiyo ndiyo inayokufungia mlango.

Pima kanuni yako kwa maswali matatu. Je, mtu anaielewa kwa kuitazama bila kusoma maandishi? Je, inaweza kumsaidia mchezaji na kumzuia pia? Je, ukiweka vitu viwili tu chumbani, inatoa hali ambayo wewe mwenyewe hukuitarajia? Ikishindwa swali la tatu, itupe na utafute nyingine. Mafumbo matatu ya kwanza yatakuwa rahisi kubuni, na la nne hutalipata.

Usiku tumeuchagua kwa sababu mbili. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa na hupumzika mbalamwezi inapokuwa kubwa, kwa hiyo mchezaji wa Kanda ya Ziwa haulizi kwa nini mhusika yuko mwaloni saa nane za usiku na karabai. Ya pili ni ya kompyuta: eneo la giza lenye taa moja ni jepesi kuchora, na laptopu nyingi zitakazoicheza gemu hii hazina kadi ya picha ya maana.

Kuna amri mbili ndogo zinazolinda kanuni. Taa haizimiki, kwa sababu ikizimika kila ukuta wa chokaa umekufa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Na taa haiwekwi chini popote. Inatundikwa kwenye kulabu tu. Gemu ya Portal iliyotolewa na Valve mwaka 2007, ambayo mchezaji hufungua matundu ya kupitia kwenye kuta, nayo hairuhusu kufungua tundu kwenye kila ukuta, na faida ni ileile: mbunifu anajua kila mahali ambapo kitu muhimu kinaweza kuwa, na mchezaji anajua pa kuangalia.

Mwili wa mchezaji

Tumia Godot 4, injini (programu) ya kutengenezea gemu. Ni ya bure, faili yake ya kupakua ni ndogo ukilinganisha na injini zinazomeza makumi ya GB, na unapofungua mradi mpya chagua uchoraji wa Compatibility ili ikubali kompyuta za zamani. Kipimo 1 ndani ya Godot ni mita 1. Shikilia hilo, kwa sababu gemu ya macho ya mhusika ikikosea vipimo, mchezaji anajiona jitu au panya bila kujua kwa nini.

Mwili ni CharacterBody3D (kipande cha Godot cha mhusika anayetembea) wenye umbo la kapsuli: kimo mita 1.8, nusu kipenyo 0.4. Kamera ikae mita 1.6 kutoka chini. Korido isipungue upana wa mita 2, na mlango mita 1.2, hata kama milango ya nyumbani kwako ni myembamba zaidi. Ndani ya skrini mtu haoni mabega yake na hujigonga kila mara.

Skripti ya mfano inayokuja na Godot ina mwendo wa mita 5 kwa sekunde na nguvu ya kuruka 4.5. Piga hesabu kabla ya kuikubali. Kwa mvutano wa 9.8, mruko huo unapanda mita 1.03 na unakaa hewani sekunde 0.92, kwa hiyo mchezaji anaruka mbele mita 4.6. Hiyo ni nyingi mno. Punguza mwendo uwe 3.5 na mruko unakuwa mita 3.2. Kisha weka sheria ya nyumba: pengo la kurukika lisizidi mita 2, na lisilorukika lisipungue mita 5. Katikati ya hapo ni marufuku. Mchezaji akikosa ng'ambo kwa nusu mita hatafikiri tena, atarudia kuruka mara thelathini akiamini tatizo ni vidole. Ukiweza, ondoa kuruka kabisa.

Kuhusu kichefuchefu: kamera ya Godot huanza na pembe ya kuona ya nyuzi 75, nayo hupimwa kwa wima. Kwenye skrini ya 16:9 hiyo ni kama 107 kwa mlalo, pana kiasi cha kuzipinda kingo za picha. Anza na 60, ambayo ni karibu 90 kwa mlalo, na uweke kitelezi cha kuanzia 50 hadi 75 kwenye mipangilio. Usitikise kamera mhusika anapotembea. Weka nukta ndogo katikati ya skrini wakati wote. Inamwonyesha mchezaji anachokigusa, na pia inalipa jicho pa kutulia.

Akitumbukia ziwani, usioneshe maandishi ya kufa. Skrini ifunikwe giza nusu sekunde, naye asimame kwenye ukingo aliotoka, na kama taa ilikuwa mkononi basi bado anayo. Kuanguka kwenye gemu ya mafumbo ni jibu la "hapana", na jibu la hapana lisichukue sekunde kumi.

Namna taa inavyojua kinachomulikwa

Usiutegemee mwanga unaochorwa kwenye skrini kuamua kipi kipo na kipi hakipo. Mwanga huo ni pambo. Uamuzi uufanye kwa mistari isiyoonekana, kutoka kwenye taa hadi kwenye nukta chache za kila kitu cha chokaa:

func ina_mwanga(nukta: Vector3) -> bool:
    if taa.global_position.distance_to(nukta) > 6.0:
        return false
    var swali = PhysicsRayQueryParameters3D.create(taa.global_position, nukta, 2)
    return get_world_3d().direct_space_state.intersect_ray(swali).is_empty()

Iite ndani ya _physics_process, sehemu ya skripti ambayo Godot huirudia kila hatua ya fizikia. Ile 2 ya mwisho ni tabaka la mgongano: weka humo mawe na makreti peke yake, yaani vitu vinavyotupa kivuli. Vitu vya chokaa na mwili wa mchezaji visiwemo. Ukivisahau humo, mbao zitajizuia mwanga zenyewe na daraja litapepesa kama balbu ya umeme mdogo.

Ubao wa daraja una nukta moja, katikati. Ukuta una nukta tano: kati na pembe nne, kila pembe ikiwa imeingizwa ndani sentimita 10. Nukta hata moja ikipata mwanga, ukuta wote upo. Usijaribu ukuta unaotoboka nusu. Unavutia kuufikiria, lakini mchezaji hatajua kama tundu la sentimita 70 linapitika, na utarudi kwenye ugonjwa wa vidole.

Taa yenyewe ni OmniLight3D yenye vivuli vimewashwa. Hapa kuna mtego: mwanga wake hufifia kadiri unavyokaribia mwisho wa masafa, kwa hiyo ukiweka masafa 6, kitu kilichoko mita 5.5 kitaonekana cheusi ilhali hesabu inasema kina mwanga. Weka masafa ya kuchora 8 na ya hesabu 6. Kisha vipe vitu vya chokaa sura mbili zilizo wazi: vikiwepo ni vyeupe kamili, visipokuwepo vinabaki mistari myembamba ya kingo. Bila mistari hiyo mchezaji hawezi kupanga. Atatembea gizani akipapasa, na kupapasa si kufikiri.

Yapo matatizo mawili ambayo hutokea lazima. La kwanza, taa inahamishwa wakati mchezaji yuko ndani ya ukuta usiokuwepo, ukuta unarudi na yeye kabanwa. Weka Area3D, yaani eneo linalotambua mwili uliomo ndani yake, lenye umbo la ukuta. Ikiwa na mwili ndani, ukuta usirudi hadi atoke. La pili, mbao zinapotea papo hapo pale kivuli kinapopita kidogo tu. Zipe sekunde 0.3 za kutikisika kabla ya kupotea. Mchezaji ataona kinachokuja na atasema kosa ni lake.

Chumba kimoja, kwa vipimo

Kabla ya chumba hiki kuna viwili vya kufundisha. Katika cha kwanza, karabai inaning'inia kwenye kulabu mwanzoni mwa gati la mbao 8, nazo 6 zinaonekana nyeupe na 2 za mwisho ni mistari. Mchezaji anaichukua, anasogea, mbao zinajitokeza mbele yake. Amejifunza. Katika cha pili hakuna daraja, kuna ukuta wa chokaa tu na kulabu nyuma ya jiwe. Akiwa na taa ukuta upo. Akiitundika nyuma ya jiwe, ukuta haupo. Hakuna neno lililoandikwa isipokuwa "E: chukua au tundika".

Sasa cha tatu. Ng'ambo hii ina kulabu ya kwanza, kwenye nguzo ya mita 0.8, ukingoni kabisa. Kisha gati la mbao 11 za chokaa, kila moja urefu wa mita 1 na upana wa mita 2. Ng'ambo ile kuna kulabu ya pili, nayo kwenye nguzo ya mita 0.8. Mita 5 mbele ya kulabu hiyo umesimama ukuta wa chokaa wenye urefu wa mita 2.8 na upana wa 2, na nyuma yake ndiko kutoka. Kati ya nguzo na ukuta kuna kreti la samaki lenye upana wa mita 1 na kimo cha 1.2, yaani refu kiasi kwamba mruko wa mita 1.03 hauwezi kulipanda. Kreti linakwenda kwa hatua za mita 1 kwenye mstari mmoja: katikati yake inaweza kuwa mita 1, 2 au 3 kutoka kwenye taa. Linaanzia 2.

Mchezaji atajaribu nini? Ataiacha taa kwenye kulabu ya kwanza ili ukuta ubaki gizani. Mbao 6 zinamulikwa na 5 zinazofuata hazipo, kwa hiyo ana mita 5 za maji mbele, zisizorukika hata kwa mbali. Kumbe taa lazima ivuke. Anavuka nayo, anafika ukutani, ukuta upo. Anaitundika kwenye kulabu ya pili, ukuta bado upo, ila sasa anaona kivuli cha kreti juu yake, na kivuli hakifiki juu.

Karibu kila mtu hapo atalisukuma kreti kuelekea ukutani, kwa sababu kitu unachotaka kukiziba unakisogelea. Na kivuli kinapungua. Hesabu yake ni hii: juu ya kivuli ni 0.8 + 0.4 × 5 ÷ umbali wa uso wa kreti unaoelekea taa, ambapo 0.8 ni kimo cha taa, 0.4 ni kimo ambacho kreti linaizidi taa, na 5 ni umbali wa ukuta. Kreti likiwa nafasi ya 2, uso uko mita 1.5 na kivuli kinafika 2.13. Likisukumwa nafasi ya 3, uso uko mita 2.5 na kivuli kinashuka hadi 1.6. Mchezaji ameshindwa, lakini ameshindwa kwa namna inayosema kitu. Kila aliyewahi kucheza na koroboi usiku, akitengeneza vichwa vya mbwa ukutani kwa vidole, anajua kwamba mkono ukiusogeza kwenye moto kivuli kinakuwa kikubwa. Anazunguka, anasimama kati ya kreti na ukuta, analirudisha hadi nafasi ya 1. Uso uko nusu mita kutoka kwenye taa, kivuli kingefika mita 4.8, na ukuta wote unageuka mistari.

Angalia kreti lilivyoanzia. Lingeanzia nafasi ya 3, hatua ya kwanza ya mchezaji ingekuwa sahihi kwa bahati na angepita bila kujua amefanya nini. Kuanzia 2 kunampa nafasi ya kukosea upande ule tu unaomfundisha. Nafasi ya kuanzia ya kitu ni sehemu ya fumbo sawa na kitu chenyewe.

Na kwa nini ukuta uko mita 5, si 4? Ukiuweka mita 4, kreti likiwa nafasi ya 3 linabakiza nusu mita nyuma yake, na mwili wa mchezaji una kipenyo cha 0.8. Hawezi kuingia nyuma kulisukuma kurudi. Chumba kimekufa, naye hajui. Kwa sababu hiyohiyo kuna jiwe dogo chini linalozuia kreti lisipite nafasi ya 3.

Kuwinda hali zilizokufa na njia za mkato

Chukua karatasi. Taa ina mahali 3: kulabu mbili na mkono. Kreti nafasi 3. Mchezaji pande 3: ng'ambo hii, ng'ambo ile, nyuma ya ukuta. Ukizidisha zote unapata hali 27, na nyingi haziwezekani. Zichore kama vitone, unganisha kwa mishale kila hali inayoweza kwenda nyingine, kama ungelifanya fumbo la chui na mbuzi. Kitone kinachofikika lakini hakina njia ya kwenda kwenye mlango ni hali iliyokufa. Iondoe kwa vipimo, usiiondoe kwa kitufe cha "anza upya". Kitufe hicho kiwepo, lakini kisiwe ndiyo dawa. Chumba kikizidi hali 100 hivi, huwezi tena kukishika kichwani, wala mchezaji hawezi.

Njia za mkato ni jambo jingine. Mchezaji akipata jibu ambalo hukulipanga, jiuliza limetoka wapi. Kama ametumia kanuni yako ya mwanga na kivuli, mwachie, na ikibidi lijengee chumba chake. Kama ametumia kona ya jiwe ambayo kapsuli inaipanda kwa kusuguana, ziba. Kosa la kawaida ni kuziba yote mawili kwa ukuta usioonekana. Wachezaji huuchukia ukuta huo kuliko fumbo gumu.

Wakati mwingine kanuni yenyewe inakuletea fumbo. Jaribu kuweka kreti ng'ambo hii na kulivusha darajani taa ikiwa kwenye kulabu ya kwanza. Kreti ni refu kuliko taa, kwa hiyo kivuli chake kinaangukia mbao zilizo mbele yake, zinapotea, na haliendi popote. Ukilisukuma kuelekea taa iliyoko ng'ambo ya pili, kivuli kinakuangukia wewe na unatumbukia. Ukiona hivyo usikimbilie kurekebisha. Umepata chumba cha sita bure: taa inabidi iwe pembeni, kwenye kulabu ya juu ya jiwe, na kazi ni kugundua hivyo. Baadaye kabisa, ukiwa na vyumba kumi hivi, mbalamwezi itoke mawinguni kwa sekunde chache na kila kitu cha chokaa kiwepo kwa pamoja. Usiongeze kanuni ya pili kabla ya hapo.

Mawe, maji na sauti

Jenga vyumba vyote kwa CSGBox3D (maboksi ya kawaida ya Godot) za kijivu kwanza, na usiguse pambo hadi watu watano wamevimaliza. Chumba kilichopambwa ni vigumu kukibomoa, hata kikiwa kibovu.

Pambo likifika, mawe ndiyo yatakayoifanya gemu iwe ya Mwanza. Mtu wa huku analijua Jiwe la Bismarck tangu utotoni na ataona haraka ukiweka mawe ya mlima wa barafu. Matale ya Mwanza yana kingo za mviringo, nyufa zilizonyooka, na hukaa moja juu ya jingine kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Tengeneza mawe 6 tu kwenye Blender, programu ya kuchonga maumbo ya 3D, kila moja pembetatu 500 hivi, kisha yageuze na kubadilisha ukubwa. Picha za ngozi ya jiwe zipige siku ya mawingu. Ukizipiga juani, kivuli cha saa saba mchana kitagandia kwenye jiwe ambalo kwenye gemu liko usiku. Umbo la mgongano liwe rahisi kuliko jiwe linaloonekana, lakini upande unaotupa kivuli ulingane nalo, vinginevyo kivuli kinachochorwa na kivuli cha hesabu vitapingana, na mchezaji ataacha kuamini macho yake.

Sauti irekodi kwa simu. Upepo wa ziwa hukwaruza maikrofoni, kwa hiyo ifunike kwa kipande cha sponji na usimame nyuma ya jiwe. Unahitaji vitu vichache: maji yakipiga mawe, injini ya mtumbwi kwa mbali, chura, na mvumo wa karabai. Mvumo wa karabai uongezeke kadiri mchezaji anavyoikaribia. Utamsaidia kukumbuka alikoiacha bila ramani.

Kujaribu kwa watu

Vijana wa vibanda vya gemu wana mikono myepesi lakini wengi ni wa mpira. Watafute, kisha mtafute pia mtu ambaye hajawahi kushika mausi kwa ajili ya gemu. Huyo wa pili atakuonyesha kwamba kutembea na kutazama kwa wakati mmoja ni kazi inayohitaji kufundishwa, na utaongeza chumba kabla ya cha kwanza: gati la kawaida, hakuna fumbo, dakika moja ya kuzoea.

Mwambie jambo moja tu, aseme kwa sauti anachofikiria. Kisha nyamaza. Kunyamaza ni kugumu, na ukitamka "jaribu lile kreti" umepoteza jaribio, kwa sababu hutaweza kukaa nyuma ya kila atakayecheza. Andika saa anayoingia chumbani, kila wazo alilojaribu, na saa anayotoka. Dakika nane za kujaribu mambo tofauti ni afya. Dakika tatu za kurudia jambo lilelile ni ugonjwa: kuna kitu kinamdanganya kwamba njia ni hapo. Mara nyingi ni pambo, kwa mfano ngazi nzuri isiyoelekea popote, au mwanga mdogo kwenye kona tupu. Kifute.

Akishakwama kweli, msaada utoke ndani ya gemu kwa namna anayoijua. Kwenye vitendawili aliyeshindwa huambiwa "nipe mji", anatoa mji, anapewa jibu. Weka kitufe hicho. Mchezaji anachagua Bukoba, Musoma, Ukerewe au pengine, na sauti inamwambia alichokisikia huko. Ila usimpe jibu zima kwa mji mmoja. Mji wa kwanza unaonyesha pa kutazama: "Huko walikuwa wanatazama kivuli, si ukuta." Wa pili unataja uhusiano: "Walisema mkono karibu na moto, kivuli kikubwa." Wa tatu ndio unaosema sukuma kreti kwenye taa. Kila mji ufunguke dakika mbili baada ya uliotangulia, na gemu ihesabu miji iliyotolewa kwenye kila chumba. Chumba ambacho wengi wanatoa miji mitatu, rudi kwenye vipimo vyake kabla ya kubadilisha maneno ya msaada.

Kabla ya kuigawa, itoe kwa ajili ya Windows, iweke kwenye flashi na uiwashe kwenye kompyuta isiyo na Godot, ikiwezekana ile mbovu kuliko zote unazozifahamu. Ikisuasua, punguza kwanza ukubwa wa ramani ya vivuli kwenye mipangilio ya mradi, halafu idadi ya mawe yanayotupa kivuli cha kuchorwa. Yale ya hesabu yaache kama yalivyo, ama sivyo chumba cha tatu hakitafunguka.